Kisa cha Mtoto Asiyeitika

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa wakuu wa idara, mliokuja wenyewe na mliotuma wawakilishi wenye njaa. Wahadhiri mlio kazini na mliokwisha kupumzishwa. Wanafunzi wa zamani, ambao wengi wenu sasa mna vitambi na wagonjwa wenu wenyewe. Shemeji yangu, mgeni wa heshima wa siku ya leo. Mabibi na mabwana:

Kabla ya yote, nina tangazo zito. Kamati ya Maandalizi imekutana kwa dharura nyuma ya pazia hili, imejadiliana kwa kina, imegawanyika, imepatana, na imenituma niutangazie umma kwamba kiti kimoja cha meza kuu kimehamishwa. Kilikuwa kushoto kwa mgeni wa heshima. Sasa kiko kulia kwake. Mgeni wa heshima mwenyewe ndiye aliyeomba kiwe kushoto, na hakusema kwa nini, kwa hiyo kamati inamwomba radhi. Sababu ni kiyoyozi. Kinadondosha maji upande ule, na pale kilipokuwa kiti sasa pana ndoo. Nawaona walimu wa nafsi mmeshaanza kutazamana. Tulieni. Ndoo ni ndoo, na maji ni maji.

Kiti chenyewe, kama mnavyoona, kingali kitupu. Nitakirudia.

Pengine mnajiuliza: katika ukumbi uliojaa madaktari wa falsafa, mtoa kopi wa chini ya ngazi anafanya nini kwenye kipaza sauti? Hata mimi nilimuuliza shemeji. Nikamwambia, "Una wanafunzi wenye majoho, wataongea vizuri." Akanijibu, "Ndiyo, lakini watanichambua. Nataka mtu atakayenisema tu." Basi nimekuja kumsema. Yeye alimwoa dada yangu. Kumsema ni haki yangu ya kisheria.

Elimu yangu ya nafsi ya binadamu nimeipata ikiwa ya moto, ikitoka kwenye mashine. Kila muhula shemeji aliniletea fungu la mihadhara yake nitoe kopi, na mashine ikiwa inafanya kazi, mimi nilikuwa nasoma. Mashine ile ilikuwa na tabia ya kutafuna karatasi ya mwisho ya kila fungu. Ndiyo maana najua vizuri sana binadamu anavyoanza, lakini anavyoishia sikuwahi kujua sawasawa.

Niliyoyaelewa ni haya, na wasomi mtanisahihisha wakati wa chai. Mtu ni nyumba ya ghorofa. Chini kabisa anakaa mpangaji mkorofi: ana njaa, ana hasira, ana tamaa, na neno "subiri" hajawahi kulisikia. Juu kabisa anakaa mwenye nyumba, ambaye hana kazi nyingine ila kugonga sakafu kwa fimbo na kuuliza nani anapiga kelele. Katikati yuko maskini mmoja anayejaribu kulala. Huyo wa katikati ndiye mimi na wewe. Na mtoto naye, kabla hajawa mtu, hupita vituo kama basi: kituo cha kinywa, kituo cha choo, kituo cha kumpenda mzazi mmoja na kumwonea wivu mwenzake, na akikipita kituo bila kumaliza shughuli zake, basi hata akiota mvi mzigo wake utakuwa ungali pale pale, unamngoja. Wazee wetu waliyamaliza haya kwa kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Chuo kinayachukulia muhula mzima, na mtihani juu yake.

Shemeji yangu hapa mnamwita Mzee Chanzo. Msijifanye hamjui, hata yeye anajua. Jina lilitokana na swali lake. Tarishi akiangusha kikombe, shemeji aliuliza, "Chanzo chake nini?"

"Mkono umeteleza, Mzee."

"Mkono wa nani?"

Mwanafunzi akichelewa darasani, aliambiwa amechelewa kwa sababu moyoni hakutaka kuja.

"Nimepata pancha, Mwalimu."

"Na nani aliyechagua njia yenye misumari?"

Hakuna kusahau bila sababu, alisema. Hakuna kuteleza bila sababu. Kila jambo lina mzizi, na mzizi uko utotoni. Mmecheka, lakini mlimwamini. Mimi pia nilimwamini. Nani hapendi kuambiwa kwamba hata kikombe chake kilichovunjika kina maana?

Na nisije nikawa mwizi wa fadhila. Kazi aliifanya. Yuko dereva mmoja wa chuo, wengine mnamfahamu, aliyegonga mtu barabarani, na tangu siku ile akawa hawezi kushika usukani bila mikono kutetemeka. Ndugu zake walimshauri, viongozi wa dini walimshauri, mwajiri alimshauri kwa barua. Shemeji hakumshauri kitu. Alimkalisha kwenye chumba chake kile chenye kochi la kijani na pazia zito, akanyamaza naye. Wiki baada ya wiki, dereva alikuja, akalala kwenye kochi, akatazama dari, akaenda zake. Mpaka siku moja akalia, na baada ya kulia akasema, na baada ya kusema akaanza kulala usingizi. Leo anaendesha. Huo ndio ulikuwa ufundi wa shemeji yangu: kukaa kimya mpaka mtu asikie nafsi yake mwenyewe. Watu walikuwa wanatoka mle chumbani wakisema, "Yule mzee ana masikio! Anasikia hata ambalo hujalisema."

Anasikia hata ambalo hujalisema. Naomba tulishike hilo.

Sasa, ndugu zangu, tuje kwenye Kisa cha Mtoto Asiyeitika. Nikikitaja tu naona vichwa vinatikisika, kwa sababu hakuna aliyepita kwenye mikono ya Mzee Chanzo bila kukikariri. Mtoto wa kike, wa pekee, anayekaribia umri wa kwenda shule. Mama akimwita, anakuja mbio. Baba akimwita, haitiki. Baba akisema naye mezani, mtoto anatazama sahani yake na kutabasamu. Eleza. Toa mifano. Alama ishirini.

Nami nilikitoa kopi kisa kile mpaka mashine ikakaribia kukisema yenyewe. Nilisoma na majibu yenu, maana mlikuwa mnaleta tasnifu zenu kwangu. Mmoja alisema mtoto anampenda baba kupita kiasi na anaogopa mapenzi hayo, hivyo anajifanya hamsikii. Mwingine akasema hapana, anajihisi mdogo mbele ya baba mkubwa, na ukimya ndio silaha ya mdogo. Wa tatu akasema tatizo ni mama, na lile tabasamu akaliita tabasamu la ushindi. Yuko mmoja humu ndani, simtaji, kaketi karibu na nguzo, aliyepata shahada ya pili kwa tabasamu hilo peke yake.

Je, mliwahi kujiuliza mtoto huyo ni wa nani?

Ni mpwa wangu. Ni binti wa mgeni wa heshima. Hicho kiti kitupu ni chake.

Sikurupuki kulisema hili. Nilimpigia simu, nikamuuliza kama naruhusiwa. Akasema, "Mjomba, waambie. Wamenisoma miaka yote. Basi angalau wajue walichokuwa wanakisoma." Kwa hiyo nawaambia kwa idhini yake, na baba yake, kama mnavyomwona, hajanikataza. Anatazama meza.

Nyumbani kwao, meza ya chakula ilisukumwa ukutani, na kila mtu alikuwa na nafasi yake isiyobadilika. Dada yangu alikaa upande wa jikoni, kulia kwa mtoto. Shemeji alikaa upande wa redio, kushoto kwake. Basi mtoto akitupiwa neno kutoka jikoni, alijibu. Akitupiwa neno kutoka upande wa redio, alitabasamu. Shemeji aliliona jambo hili kabla ya mtu mwingine yeyote, na nitasema ukweli: lilimfurahisha. Mtu anayesoma habari za simba maisha yake yote, siku moja akamkuta simba sebuleni, atakosaje kufurahi? Alikuwa anamwita kwa sauti ya chini, kisha ya juu, kisha ya upole, huku akitazama. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia siku moja kwa utani. Mtoto akatabasamu.

Dada yangu alikuwa na mawazo mengine. Jioni moja nimekwenda kula kwao, nikamsikia akisema, "Mume wangu, mto wa huyu mtoto unanuka. Sikio linatoa uchafu. Tumpeleke hospitali."

"Chanzo chake nini?"

"Chanzo chake ni sikio! Unataka chanzo gani kingine?"

Shemeji hakukasirika. Hajawahi kukasirika, hilo nalo ni tatizo. Alisema kwa ule upole wake ambao wengine mnauiga na hamuuwezi, "Mama, angalia usije ukawa unamtafutia ugonjwa ili abaki mikononi mwako. Hatua hii ndiyo ya kumwachia."

Mnajua, kumjibu mjinga ni rahisi. Lakini utamjibuje mtu mwenye akili, anayekupenda, na ambaye kila utakalomjibu litakuwa ushahidi wake? Dada yangu alikwenda jikoni. Akapasha mafuta kidogo, akamtilia mtoto kwa pamba, akamlaza. Baada ya siku kadhaa uchafu ukakauka. Na sikio likakauka pamoja nao. Shemeji akaandika muhadhara mzuri, nami nikautoa kopi.

Mganga hajigangi. Tunausema msemo huu kwa kicheko. Ukiutazama kwa karibu hauchekeshi hata kidogo.

Samahani, naona vichwa vimegeuka. Ndiyo, ni yeye, huyo anayeingia. Karibu, mwanangu, pita. Msimshangae kwa ovaroli; ni fundi wa lifti, ametoka zamu na anarudi zamu. Na ninyi wataalamu wa nafsi, msianze kutafuta maana ya kupanda na kushuka. Bibi itifaki, msaidie apande jukwaani. Hapo, kulia kwa baba yako. Pole kwa ndoo.

Naendelea, na sasa naendelea yeye akiwa anasikia.

Alipokua alitaka kuendesha treni. Toka mdogo hilo ndilo lilikuwa lake. Alisoma, akafaulu, akafika kwenye kipimo cha mwisho cha afya, wakati huo mama yake ameshatangulia mbele ya haki. Wakamvika vile vidude vya masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Akabonyeza, akabonyeza, kisha akatulia, akingoja. Yeye alidhani mashine imeharibika. Mpimaji alidhani amesinzia. Mwishowe daktari akamweleza: la kushoto limekufa tangu utotoni, lingewahi kutibiwa, lingepona. Na reli haimtaki dereva wa sikio moja.

Akaenda kwa baba yake siku ile ile. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kurudisha kamusi. Alisimama barazani na bahasha yake mkononi, akasema, "Baba, mimi sikuwahi kukataa kukuitikia. Nilikuwa sikusikii."

Shemeji alikaa kimya muda mrefu. Mimi pembeni nilikuwa naomba, Mungu wangu, mtu huyu aseme neno moja, hata likiwa la kijinga. Akainua uso, akasema: "Na hilo linakufanya ujisikieje?"

"Baba, hapa si ofisini."

Akanyamaza tena. Ule unyamavu uliomponya dereva. Alifundishwa kwamba ukinyamaza vya kutosha mwenzako atasema. Lakini mwenzake alikuwa ameshasema! Zamu ilikuwa yake. Mtoto akangoja, kama alivyongoja mlio ndani ya vile vidude. Neno lilipokosa kuja, akageuka, akaondoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwa baba yake.

Mtaniuliza: na lile tabasamu? Mimi nilimuuliza. Nilitaka kujua, maana nililisoma kwa kurasa nyingi. Akaniambia, "Mjomba, nikiona midomo ya mtu inacheza na sijasikia, huwa natabasamu. Mara nyingi watu huwa wanasema mambo mazuri."

Hilo ndilo tabasamu la ushindi, ndugu wasomi.

Muhula uliofuata shemeji alikuja dukani na fungu lake. Akachomoa kisa kile katikati, akakikunja, akakitia mfukoni. Nikamuuliza, "Hapa nafasi niweke nini?" Akasema, "Acha wazi." Ninyi mliosoma miaka hii ya mwisho mtaikumbuka karatasi tupu katikati ya mihadhara. Mlidhani ni zoezi. Mmoja wenu aliandika insha ndefu juu ya karatasi ile, kuhusu ukimya wa mwalimu kama kioo cha mwanafunzi, na nasikia alipata alama nzuri sana. Karatasi ile, ndugu yangu, ilikuwa ni aibu ya mtu mzima. Ndiyo namna pekee aliyoijua ya kuisema.

Sasa anastaafu. Nadharia inasema hatua ya mwisho ya mtu ni pale anapogeuka kutazama alikotoka: ama aridhike, ama akate tamaa. Nimeambiwa tu, hiyo ndiyo karatasi ambayo mashine ilikuwa inaitafuna. Lakini nimemwona shemeji akiwa amefika kwenye hatua yenyewe. Anakuja dukani, anakaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, anatazama mwanga wa mashine ukienda na kurudi. Juzi akasema, "Shemeji, nataka kumwambia neno moja."

"Lipi?"

"Samahani."

"Si umpigie simu?"

"Kwa simu sitamwona usoni. Nisipomwona nitajitungia alichojisikia. Najijua."

Nikampigia mimi. Mpwa wangu akasikiliza, akapumua, akasema, "Nitakuja kati ya zamu mbili. Sitaki nadharia, Mjomba, sitaki anieleze chanzo. Neno hilo moja, kutoka mdomoni mwake. Lakini nikitoka pale bila kulisikia, usinipigie tena habari zake. Hata za msiba."

Ndiyo hali ilivyo, mabibi na mabwana. Mlikuja kumuaga mzee wa watu kwa chai na zawadi ya saa ya ukutani, mkajikuta mko kwenye baraza la familia yangu. Samahanini. Lakini ninyi nanyi mlikaa mezani kwetu miaka yote ile, mkimtazama mtoto wetu akitabasamu.

Mtu anafundisha maisha yake yote kwamba kila kitu kina maana, halafu uzeeni anatakiwa kusema neno ambalo lina maana moja tu. Mnadhani ni rahisi? Anajua maneno mengi kuliko sisi sote, na kila moja linakuja mbio kulizuia hilo moja lisipite. Ndiyo maana naendelea kuongea. Shemeji, usinitazame mimi. Mimi nitaongeza urefu. Nitawashukuru wapishi. Nitamshukuru fundi umeme, ambaye kiyoyozi kimemshinda. Nitawashukuru waliopanga maua, wale wa nyuma wasioona, na yule mama anayezuia mlango usijifunge. Wewe endelea na yako.

Ameinama. Tazameni, ameinama kumwelekea. Zimeni simu. Midomo yake inacheza... Wa mbele hapa mmesikia? Mnaitikia kwa vichwa. Mmesikia. Mzee Chanzo amelisema.

Naye binti yake ametabasamu.

Pigeni makofi, mna haki. Naona mnasimama. Naona hata yule wa karibu na nguzo anafuta macho. Shemeji naye ameegemea kiti chake, amefumba macho, uso umelegea kama wa mtu aliyetua gunia. Sijawahi kumwona hivyo tangu siku ya harusi yake na dada yangu.

Binti amepokea makofi yenu, ameinamisha kichwa kwa adabu, ametazama saa yake. Anachukua mkoba. Zamu.

Niliyotumwa kusema nimeyamaliza. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wahadhiri, wageni wetu wote, nawashukuru sana kwa kunikopesha masikio yenu, kila mmoja yote mawili.

Shemeji, fumbua macho, hajafika mlangoni. Kiti tulikihamisha. Umesema kwenye sikio la kushoto.